Bibi Arudi Muyinga

Wasomaji wenzangu, wengi wetu tuna wazee nyumbani, basi nadhani mtanielewa.

Mwaka jana Bibi alianguka kizingitini kwake Muyinga, akaumia nyonga. Baba akamleta kwetu Gitega. Tulimpa kitanda kizuri, wala hakuachwa afanye kazi yoyote. Mimi nilimnyang'anya kisu alipotaka kumenya ndizi, nikadhani nimetenda wema. Na vidonge vyake vya shinikizo la damu nilivihesabu mwenyewe, nikamtilia kiganjani kama mtoto. Majirani walitusifu sana. Lakini Bibi, aliyeuza maharagwe sokoni miaka mingi na mwenye maneno mengi, akawa kimya.

Jioni moja Baba na Baba Mdogo walikuwa wakizungumza juu ya shamba lake, naye amekaa papo hapo. Akawaambia, "Wanangu, kilichoumia ni mguu. Kichwa changu nani amekikuta na ugonjwa?" Kisha akasema anataka kurudi kwake. Baba alikataa wiki tatu. Simlaumu, kama angeanguka tena usiku, nani angemsikia?

Mwalimu wetu alipata kutueleza kwamba mwaka 1991 Umoja wa Mataifa ulitoa kanuni 18 juu ya wazee, na fungu la kwanza ni kujitegemea. Nilipomwambia Baba hayo alicheka, akasema Umoja wa Mataifa haulali Muyinga. Bibi ndiye aliyemshinda: alimtaja msichana wa jirani atakayemletea maji na kulala naye, na ujira atamlipa mwenyewe kwa fedha ya ndizi zake. Baba akakubali, nami nikatumwa nimsindikize kwa njia ya Karuzi.

Huko mkubwa wa kazi alikuwa Bibi. Mafiga tuliyainua juu ya matofali, asiiname. Vidonge vya asubuhi tuliviweka katika kopo refu, vya jioni katika kopo fupi, maana hajui kusoma. Chooni nilisimamisha mti wa kushikia, upande wa kuume, nikajiona fundi. Bibi akautazama, akauliza, "Na fimbo nitaishika kwa mkono gani?" Nikaung'oa, nikachimba upya upande wa kushoto.

Juzi Baba ameniletea salamu zake. Mti umelegea kidogo. Likizo ijayo niende kuukaza, ila nisianze mpaka yeye awepo.