Asumini ya Uani na Mnana wa Kilifi

Msafiri atokaye Kilifi kwenda Malindi hupita ubavuni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi. Juu ya mirihi ya msitu huo huishi ndege mdogo aitwaye mnana wa Clarke, au mnana wa Kilifi. Dume lake lina kichwa cheusi na tumbo la manjano. Hutembea kwa makundi wakitafuta wadudu matawini, na duniani kote hawapatikani ila katika Kaunti ya Kilifi: hapo Sokoke, na katika msitu wa Dakatcha, kaskazini ya mto Sabaki.

Wataalamu walimwandika vitabuni mwaka 1913, lakini kiota chake hakikujulikana hadi mwaka 2013, kilipoonekana katika kinamasi cha msimu huko Dakatcha. Miaka mia alizaa na kulea, na sisi jirani zake hatujui wapi.

Sasa itazameni asumini. Asili yake ni Bara Hindi na nchi za karibu yake, lakini haikosekani katika nyua za Mombasa wala Lamu. Ni ua la kikuba na la nywele za bibi harusi. Kichaka kikizeeka, mama mwenye nyumba huvunja tawi akampa jirani, nacho kikaanza upya. Mgeni amekuwa mwenyeji, na mwenyeji khasa yuko hatarini kutoweka kwao.

Uzuri si tofauti yao. Asumini ina wenyewe wa kuitia maji. Mnana hapandwi uani. Hutaka mirihi iliyosimama na kinamasi kisicholimwa. Mirihi ikikatwa kwa makaa, na Dakatcha ikifyekwa kwa mashamba ya mananasi, hana pa kuhamia.

Qur'ani Tukufu, katika Suratul An'aam, yatufahamisha kwamba ndege nao ni umma mfano wetu. Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa mti aupandao Muislamu, akala ndege, ni sadaka yake. Ikiwa kupanda ni sadaka, kuuhifadhi uliokwisha pandwa na Mola kutakosaje thawabu?

Tusimlaumu mchoma makaa peke yake. Naye ana watoto, na soko lake ni sisi. Gunia likifika mlangoni, tuulize limetoka msitu gani. Swali hilo halina gharama, na jibu lake laweza kutubadilishia jiko.

Wabillahi tawfiq.