Tarakimu Nne za Injini Kongwe



Wengi wetu tuishio hapa Uingereza tunatembelea magari yaliyokwisha kula chumvi nyingi. Ndiyo yatupelekayo kazini alfajiri, ndiyo yawapelekayo watoto madrasa jioni, na ndiyo yabebayo masufuria ya pilau pakiwa na harusi mji wa jirani. Gari la namna hiyo likianza kutetemeka na kuishiwa nguvu, swali linaloingia nyumbani si la ufundi peke yake, bali ni la mfuko pia: litengenezwe, liuzwe, au litupwe? Tungependa kuzungumzia kipimo kimoja kidogo ambacho, kikisomwa vyema, hujibu sehemu kubwa ya swali hilo. Nacho ni kipimo cha kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya silinda.

Baadhi yetu hudhani kuwa cheti cha MOT ni cheti cha afya ya injini. Sivyo. Ukaguzi ule wa kila mwaka hutazama breki, taa, matairi, usukani, moshi na mengineyo ya usalama, lakini hauhusiki na hali ya injini yenyewe, klachi wala giaboksi. Gari laweza kupasi leo ilhali injini yake i mahututi.

Sisi tuliofundisha fizikia tulikuwa tukiwaeleza wanafunzi kuwa injini ya petroli huishi kwa kubana pumzi. Pistoni ipandapo, mchanganyiko wa hewa na petroli hubanwa juu yake, kisha cheche ya plagi huuwasha. Ili pumzi hiyo isivuje, hapana budi mahali patatu pawe pamezibwa sawasawa: kwenye ringi zinazoizunguka pistoni, kwenye vali zinazoingiza hewa na kutoa moshi, na kwenye gasketi iliyo baina ya bloku na silinda hedi. Kipimo huuliza kama pumzi inavuja. Mpangilio wa tarakimu ndio unaoonyesha inakovujia.

Tarakimu zenyewe haziaminiki isipokuwa kipimo kimefanywa kwa haki. Injini iwe na joto lake la kawaida, betri iwe imejaa, plagi zote zitolewe, na mfumo wa cheche na wa petroli uzimwe. Kanyagio la mafuta likanyagwe hadi chini ili hewa iingie kwa wingi. Kisha injini izungushwe kwa stata mpaka mshale wa geji usipande tena, aghalabu migandamizo 4 hadi 6, na kila silinda ipewe hesabu ile ile. Betri dhaifu, au kanyagio lililoachwa, hushusha tarakimu zote, na injini nzima ikahukumiwa pasi na hatia.

Gari letu la petroli la mwaka 1998, lenye silinda 4, lilianza kutetemeka lisimamapo kwenye taa, na kulemewa kila penye mlima. Gereji ya kwanza ilitupa jibu la maneno mawili: injini imekufa. Bei ya injini nyingine ilizidi thamani ya gari lenyewe. Fedha tulizokuwa nazo zilikuwa za tiketi ya kwenda Tanga kumwangalia mama yetu, ambaye afya yake ilikuwa ikidhoofu. Na mama watoto hakuweza kufika kwenye zamu zake za usiku bila ya gari. Tukamwendea fundi wa pili, tukamwomba apime na atuandikie tarakimu kwenye karatasi. Akaandika, kwa psi, yaani pauni kwa inchi ya mraba: silinda ya 1, 172, ya 2, 118, ya 3, 114, ya 4, 170.

Mwalimu aliyezoea kusahihisha mitihani hatoi hukumu kwa alama ya mwanafunzi mmoja. Kwanza hulitazama darasa zima. Injini nyingi za petroli za zamani zikiwa nzima hutoa baina ya psi 120 na 180, ingawa kila moja ina kiwango chake katika kitabu cha mtengenezaji. Lililo kubwa zaidi ni tofauti baina ya silinda na silinda. Kanuni ya mafundi wengi ni kuwa iliyo chini kabisa isipungue robo tatu ya iliyo juu kabisa, na baadhi ya watengenezaji hukaza zaidi ya hapo. Robo tatu ya 172 ni 129. Basi silinda zetu mbili za kati zilikuwa zimeanguka mtihani, na zile mbili za pembeni zilikuwa na afya njema.

Hatua ya pili ndiyo inayofumbua fumbo. Fundi alitia kijiko kidogo cha oili katika kila silinda dhaifu, kupitia tundu la plagi, akapima tena. Oili huziba kwa muda mwanya wa ringi. Tarakimu ikipanda sana, ringi au kuta za silinda zimelika. Isipopanda, uvujaji uko juu, kwenye vali au kwenye gasketi. Zetu zilipanda kwa 3 au 4 tu. Ringi zikatoka mashakani. Na kwa kuwa silinda dhaifu zilikuwa mbili, tena jirani, shaka kubwa ikaangukia gasketi: yamkini kipande chembamba kinachozitenganisha kimeungua, na pumzi ya moja inapenya kwa mwenzake. Hedi ilipofunguliwa, ndivyo ilivyokuwa. Fundi akapima na unyoofu wa hedi, kwani gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda haidumu. Gharama haikufika nusu ya bei ya injini. Fedha za tiketi zikabaki kuwa za tiketi, na mama tulimwona.

Ziko sura nyingine. Silinda moja ikiwa chini peke yake, na oili isiisaidie, aghalabu ni vali iliyoungua au isiyofunga vyema. Zote zikiwa chini kwa usawa, na oili ikazipandisha, huo ni uzee wa injini, ambao mara nyingi hufuatana na moshi wa bluu na kula oili. Zikiwa chini zote na oili isizipandishe, utazamwe mkanda wa taimingi, usije ukawa umeruka meno. Tarakimu ikizidi kiwango, huenda ni masizi yaliyojaa juu ya pistoni. Gari la dizeli lina hesabu zake, psi 300 na zaidi, na geji ya petroli isitumike kulipimia.

Lakini kipimo hiki ni shahidi, si kadhi. Hakisemi lolote juu ya presha ya oili wala beringi za chini. Injini inayogonga yaweza kutoa tarakimu za kupendeza. Huonyesha ugonjwa ulipo, na kuamua kama tiba yafaa gharama ni kazi ya mwenye gari.

Magari haya hupita mikononi mwetu kutoka kwa ndugu hadi kwa ndugu, na mara nyingi mnunuzi ni kijana aliyewasili juzi, ambaye hana wa kumuuliza. Tungependa karatasi ya tarakimu ifuatane na gari kama zifuatanavyo funguo zake. Muuzaji asiyeficha ila ya bidhaa yake hulala usingizi, na mnunuzi ajuaye anachokinunua hana wa kumlaumu. Na anayeambiwa kuwa injini imekufa, kabla hajalipa hata pauni moja, aombe kwanza kuonyeshwa tarakimu.

Wabillahi tawfiq.