Kilio cha Ini
Waswahili husema kwamba neno chungu hukata maini. Virusi vya homa ya ini aina ya C hulidhuru ini kimya kimya kwa miaka mingi, na pengine kilio husikika mbali: madoa mekundu miguuni, viungo kuuma, nguvu kwisha. Mwaka 1966 Meltzer na wenzake waliyaeleza maradhi hayo, ambamo protini za damu hugandamana kwa baridi na kuumiza mishipa midogo. Yakahesabiwa kuwa hayana asili. Virusi vilipotambuliwa mwaka 1989, ilidhihirika kuwa wagonjwa wengi walikuwa navyo. Askari wa mwili, kwa kupigana na adui asiyeondoka, huishia kuichoma nyumba yao wenyewe. Kuwatuliza hakutoshi, adui na aondolewe, na dawa za leo zaweza. Asili ilikuwako siku zote, ikingoja kutafutwa inini.