Majani Mbele ya Nyumba, na Ufagio wa Mgeni Wetu

Majuzi katika kipindi cha asubuhi nilisema, kwa sekunde chache tu, kwamba nimepanda majani nyumbani kwetu. Simu zilizoingia siku ile zilipita hata zile za siku tunapozungumza juu ya umeme. Mzee mmoja aliuliza kama nataka kufuga nyoka. Mama mmoja, aliyejitambulisha kuwa ni mhami, alisema: «Mwandishi, sisi tunatafuta unga, wewe unapanda majani?» Saa ya habari ilikuwa imefika, nikamkatiza. Tangu siku ile nina deni lake, na leo nataka kulilipa.

Tunaishi Uvira, upande wa milimani. Kwa wasioujua mji wetu: milima iko huku, Ziwa Tanganyika liko kule, nasi tumebanwa katikati. Maji yote yanayoanguka juu lazima yapite kwetu yakienda ziwani. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulipofurika na kubeba nyumba za watu, kesho yake nilitembea ndani ya matope na kinasa sauti mkononi. Nyumba yetu haikuguswa na mto. Lakini mvua ya kawaida, ile isiyotangazwa na redio yoyote, imekuwa ikiila polepole. Marehemu baba alipojenga, mawe ya msingi yalikuwa yamefunikwa yote na udongo. Mwaka uliopita niliweza kuingiza mkono mzima chini ya jiwe la pembeni.

Na mwenye kosa si mvua peke yake. Ni sisi na usafi wetu. Kwetu uwanja mweupe usio na jani hata moja ndiyo heshima ya nyumba. Mimi mwenyewe nilichapwa utotoni kwa kuacha majani ya mwembe bila kuyafagia. Asubuhi ufagio unalegeza udongo wa juu, jioni mvua inauchukua. Fanya hivyo miaka ishirini, uone nyumba yako imebaki juu kama mtu aliyesimama kwenye kiti.

Agronomu mmoja niliyewahi kumhoji alinishauri pasipalumu. Mnaijua, hata kama hamjui jina lake: ni yale majani mafupi, mazito, yenye mashina yanayotambaa juu ya ardhi, ambayo watu wanayapanda kando ya barabara na kwenye viwanja vya makanisa. Inapenda joto, inavumilia kukanyagwa, na mizizi yake inashika udongo kweli. Wengi hapa wanapanda vipande vya mashina. Mimi, kwa ujuaji wangu, nilinunua mbegu upande wa Bujumbura, kilo mbili kwa uwanja wa mita 8 kwa 6, nikidhani mbegu itakuwa ya haraka zaidi. Kumbe ni kinyume.

Kazi ya mwanzo niliifanya vizuri, naomba mnikubalie hilo. Mwisho wa mwezi wa kumi, mvua ikiwa imeanza kuzoea, nililima kina cha shubiri moja, nikatoa mawe na mifuko ya plastiki, nikachanganya samadi ya mbuzi iliyooza kabisa. Samadi mbichi inaleta magugu na inaunguza. Nikaongeza mbolea kidogo ya 17-17-17 ndani ya udongo kabla ya kupanda, kwa sababu ile fosforasi iliyomo inasaidia mizizi. Mbegu niliigawa mara mbili: nusu nikamwaga nikienda kwa urefu wa uwanja, nusu kwa upana, isibaki sehemu tupu. Nikavuta tawi juu yake ili ifunikwe kidogo tu, isizidi sentimita moja, nikakanyagakanyaga, nikatandaza majani makavu membamba ili mvua isiichukue na jua lisiikaushe.

Wakati ule tulikuwa na wageni: mama mmoja na watoto wanne, waliokimbia vita kutoka milima ya Fizi. Walikuwa kwetu tangu mwezi wa nane. Mama huyu alikuwa anaamka kabla ya watu wote na kufagia uwanja. Hakuna aliyemwomba. Mimi naondoka saa kumi na moja alfajiri kwenda redioni. Nilikuwa nimemweleza mama yangu habari za mbegu, na sikufikiri kwamba kuna mtu mwingine wa kuambiwa. Siku mbili za kwanza malaria ilimlaza ndani. Siku ya tatu alipata nafuu.

Niliporudi saa nne nilikuta majani makavu yamekusanywa kando ya shimo la takataka, pamoja na udongo laini na nusu ya mbegu zangu. Uwanja ulikuwa na mistari ya ufagio, imenyooka, mizuri sana. Yeye alikuwa amekaa mlangoni, bado mnyonge, akisubiri nimsalimie na labda nimshukuru. Nikamwambia: «Mama, nani alikuambia ufagie hapa?»

Hakujibu. Jioni alisema ameshiba, na watoto wake wakala kidogo kidogo wakimtazama. Mama yangu aliniita nyuma ya nyumba. Akasema: «Mwanangu, ule ufagio ndio kodi anayolipa. Leo umemrudishia pesa yake usoni.»

Ninafanya kazi ya kuhoji wahami tangu miaka mingi. Nawauliza wametoka wapi, wamekula nini, watoto wanasoma au hapana. Sikuwahi kumuuliza hata mmoja wao anajisikiaje kukaa siku nzima katika nyumba ya watu bila kazi. Nilikwenda kumwomba msamaha usiku uleule. Aliniacha nimalize, kisha akauliza: «Sasa hayo majani yako yanatakaje?»

Kesho yake tulichekecha lile lundo pamoja na watoto, tukarudisha tulichoweza. Kazi ya maji akaichukua yeye. Mbegu changa inataka maji machache mara nyingi, siyo mengi mara moja: siku zisizo na mvua, bidoni mbili asubuhi na mbili jioni, kwa kopo tulilolitoboa matundu kwa msumari. Udongo wa juu usikauke, wala maji yasitembee.

Baada ya zaidi ya wiki mbili tuliona nywele za kijani. Lakini mbegu ya pasipalumu ina ganda gumu, haitoki kwa pamoja. Nyingine ilitoka mwezi mzima baadaye. Mimi sikujua kungoja. Niliona majani yamekuwa ya manjano sehemu fulani, nikachukua ureya, na saa sita mchana nikaimwaga kwa mkono kama mtu anayewatupia kuku mahindi. Majani yalikuwa bado na unyevu, na sikumwagia maji baadaye. Siku ya tatu palikuwa na madoa ya kahawia kila mahali mkono wangu ulipofunguka.

Agronomu alicheka kwenye simu mpaka nikaona haya. «Mtoto wa wiki moja unampa bugali na mukeke?» Alinieleza hivi: ureya ina nitrojeni asilimia 46, ni chakula cha kuotesha majani. Mche wenye kamzizi kamoja hauwezi kuimaliza. Mbolea ikiwa nyingi inafanya kama chumvi, inavuta maji kutoka kwenye mzizi badala ya kuyaleta. Na ile inayobaki juu kwenye jua, sehemu yake inapotea hewani bure, pamoja na franka zako.

Kwa hiyo tukangoja. Mche ukifikisha kama wiki sita tangu kuota, na ukiuvuta kidogo unakataa kutoka, hapo ndipo unaweza kuulisha. Kijiko kimoja cha supu, cha kusawazisha, kwa kila mita mbili za mraba. Mwaga jioni, majani yakiwa makavu, halafu mwagia maji ya kutosha ili iingie udongoni. Rudia baada ya mwezi mmoja hivi, mvua ikiwepo. Kiangazi kama huna maji, acha kabisa. Asiye na pesa ya ureya achekeche samadi iliyooza na kuitandaza nyembamba, majani yaonekane juu yake. Inakwenda polepole, lakini sikuona madoa.

Kukata mara ya kwanza, panga la kufyekea liwe kali. Lile butu linang'oa miche. Kata theluthi ya juu tu, majani yakifika sentimita kumi hivi.

Sehemu nilizounguza hazikurudi. Mgeni wetu alizitazama wiki nzima, kisha akamwomba mwalimu wa shule ya jirani ruhusa, akarudi na beseni la mashina ya pasipalumu. Aliyakata vipande vyenye mizizi, akavipanda kwenye mvua, kipande na kipande shubiri moja. Alisema kwao walikuwa wanapanda majani namna hiyo kwenye kingo za mashamba ya mlimani ili udongo usishuke. Miezi mitatu amekaa nyumbani kwangu na ujuzi huo, nami navuka mpaka kutafuta mbegu! Vipande vyake viliipita mbegu yangu kabla ya Noeli.

Sasa, mama uliyepiga simu. Sikuambii upande majani penye mahema. Mwenye kipande kidogo cha ardhi aanze na lengalenga, hata mimi ningefanya hivyo. Lakini wewe unajua kuliko mimi nyumba ni kitu gani ukishaikosa. Mwaka huu niliweka alama ya makaa kwenye lile jiwe la pembeni, na mvua za mwezi wa tatu na wa nne zimepita, udongo bado uko pale kwenye alama. Na mzee wa nyoka: ninayakata mafupi, hata panya hawezi kujificha.

Mgeni wetu alihama mwezi wa pili, amepanga chumba katika mtaa mwingine. Jumapili anakuja, na kabla ya kukaa anang'oa gugu mbili tatu. Mbele ya jikoni hatukupanda kitu, mama yangu alikataa katakata. Pamebaki peupe, kama hatua nne, na kila Jumapili wanawake hao wawili wananyang'anyana ufagio hapo.