Ukurasa Si Karatasi

Mombasa

Mpwa wangu Salma,

Mama yako ameniarifu kwamba umepata kazi ya kupokea wateja katika kiwanda cha uchapaji. Nimefurahi mno. Mimi nimekaa na wino miaka mingi, na kuna jambo nataka ulishike mapema: katika kazi yetu, maneno ndiyo vipimo. Neno likiyumba, pesa imekwenda.

Anza na ukurasa. Nilipokuwa bado mgeni kazini, mteja mmoja alileta kazi yake ya taipu, akasema ina kurasa 24, anataka nakala 1,000. Nikaandika 24, bei ikatolewa, karatasi zikanunuliwa. Kumbe alikuwa amehesabu karatasi, nazo zimepigwa taipu pande zote mbili. Kurasa zilikuwa 48. Kijitabu cha pini hukunjwa katikati, karatasi moja ikatoa kurasa nne; kwa hiyo kila nakala ilihitaji karatasi 12 badala ya 6. Tofauti hiyo ilikatwa kwenye mshahara wangu.

Tangu siku ile, mteja akinitajia kurasa, huchukua karatasi nikaikunja mbele ya macho yake, nikaandika 1, 2, 3, 4, akajionea mwenyewe. Fanya hivyo, mwanangu. Hapo ataelewa pia kwa nini kitabu cha pini hakiwezi kuwa na kurasa 42. Ni 40 au 44.

Neno ukurasa lenyewe tumelipokea kwa Waarabu, ambao kwao kurasa ni daftari au mkunjo mzima wa karatasi. Jalada nalo limetokana na jina la ngozi, kwa kuwa ngozi ndiyo iliyovikwa vitabu zamani. Napenda ulijue hilo, maana kule kwetu Siyu, kisiwani Pate, misahafu ilinakiliwa kwa mkono kabla mashine hazijatufikia.

Mteja akitaka "karatasi nzito", muulize gramu ngapi. Ya gramu 80 ndiyo ile ya fotokopi: mita moja ya mraba ina uzito huo. Mpe mkononi ya 80, ya 130 na manila ya 250, achague kwa vidole vyake.

Picha inayofika ukingoni lazima ivuke mstari wa kukatia kwa milimita 3. Kisu hukata rundo zima kwa mpigo mmoja, na karatasi husogea kidogo. Bila ziada hiyo, ukingoni hubaki mstari mweupe.

Kuna jambo linaloniuma kila nikiliona limepuuzwa, nalo ni mwelekeo wa nyuzi. Chana karatasi kwa urefu, kisha kwa upana. Inakochanika kwa mstari ulionyooka ndiko nyuzi zinakoelekea. Hizo ziende sambamba na mgongo wa kitabu. Zikiukata mgongo, kitabu cha gundi hukakamaa, kurasa hufanya mawimbi, na msomaji hukishika kwa mikono miwili kama anayeshindana nacho.

La mwisho ni prufu, ile nakala ya kusahihishwa kabla ya kuchapa. Usikubali mteja asaini akiwa amesimama mlangoni. Mkalishe, asome majina na namba za simu moja moja, ndipo atie sahihi na tarehe. Pleti, yaani bamba la kuchapia, ikishatengenezwa, herufi moja iliyokosewa ni pleti mpya.

Ukikutana na neno usilolijua, nipigie simu kabla hujamtajia mteja bei.

Mjomba wako