Bwawa la Samaki Uani Kabla ya Baridi ya Njombe

Huko Unguja kipupwe mnakipokea kwa shuka nzito, basi. Huku Njombe, karibu mita 2,000 juu ya bahari, Juni hadi Agosti si mzaha. Asubuhi nyengine majani huamka meupe kwa sakitu. Baadhi yenu mtaolewa bara, na huenda mkakuta uani bwawa la perege kama letu.

Perege ni samaki wa joto. Hunawiri maji yakiwa nyuzi 25 hadi 30. Yakishuka chini ya 16 huacha kula, na yakikaribia 10 huanza kufa. Ndiyo maana Mei kwetu ni mwezi wa kazi. Tunazoa majani yaliyoangukia bwawani, kwa kuwa yakioza yanamaliza hewa ya majini. Tunaongeza maji hadi mita moja na nusu, maana maji ya kina hayapoi upesi. Mfereji wa kijito tunaupunguza. Wakubwa tunawavua mapema, kwani samaki anayesumbuliwa kwa wavu wakati wa baridi huugua. Chakula tunatoa mara moja tu, jua la mchana likishapasha maji. Wakikiacha, na sisi tunaacha. Usiku tunafunika kwa viroba tulivyoviunga kwa cherehani na kuvitandaza juu ya mianzi, pembeni tukiacha nafasi ya hewa. Kukicha tunafunua.

Mwaka huu upo mtihani. Shemeji yetu anaoa Agosti, na kitoweo cha walima tumekitegemea humu. Kila anayepita uani anatuambia, "Waongezeeni pumba wanenepe, msije mkaaibika mbele ya wageni." Lakini pumba wasiyoila inazama, inaoza, na inawaua kabla ya baridi.

Mama mkwe, ambaye kwao ni Manda, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, alitumalizia maneno: "Kule kwetu mwera ukivuma, samaki anashuka chini, anajitafutia. Huyu wenu ataenda wapi?"

Hapo tukakumbuka hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia, hakumpa chakula, wala hakumwachia ajitafutie. Ukishakifungia kiumbe ndani ya ua wako, joto lake na riziki yake vimekuwa amana juu yako. Kushibisha macho ya wageni si sababu ya kuivunja.

Kwa hiyo pumba haikuongezwa. Walima itakuwa na samaki wa kiasi cha kiganja, na wasipotosha tutaongeza maharage na viazi mviringo, ambavyo Njombe havina shida. Bi harusi wetu tumeshamweleza, naye kasema wali ukiwa wa moto hakuna atakayepima samaki kwa rula.

Allah atujaalie tuwe watunzaji wema wa kila alichotukabidhi, kidogo na kikubwa. Amin.