Mlango Uliofungwa

Tulipokuwa vijana huku Uganda, tuliomba uchungaji. Wazee wa kanisa wakatuambia, "Nendeni kwanza mkafundishe." Tukapewa darasa la Kiswahili. Tulikwenda shingo upande, tukidhani Mungu ametusahau.

Siku hizo ndipo tuliposoma habari za Johann Ludwig Krapf. Yeye aliamini ameitwa kwa Waoromo wa Ethiopia, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1840 akafungiwa njia ya huko. Akazunguka kwa bahari, akafika Mombasa mwaka 1844, nia yake ikiwa kuwafikia Waoromo kutoka kusini. Mwezi wa Julai mwaka huohuo alimzika mkewe Rosine pamoja na binti yao mchanga. Hata hivyo hakuacha kujifunza lugha ya wenyeji wake. Sarufi yake ya Kiswahili ilipigwa chapa mwaka 1850. Kamusi yake ikatoka mwaka 1882, mwenyewe amekwisha kufariki mwaka uliotangulia.

Hatusemi kwamba kila mlango ufungwao umefungwa na Mungu; mingine hufungwa na wanadamu. Wala hatuthubutu kusema kwamba lile kaburi la mtoto lilikuwa bei ya kamusi. Tulilojifunza ni dogo: mwito haujulikani kwa shauku ya moyo peke yake, bali pia kwa uaminifu katika kazi iliyo mkononi.

Uchungaji hatukuuomba tena. Chaki tuliyoipokea kwa manung'uniko, mpaka leo hatujairudisha.